Mdogo wangu, flashi iache nyumbani

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nimenunua kamera yangu ya kwanza na Februari nakwenda Zanzibar, kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara. Nitaruhusiwa kuingia nayo? Na flashi ninunue ipi?" Nilikaa nimjibu mistari miwili, chai ikapoa bado naandika. Basi najibu hapa, maana wengi mnaonisoma mna hamu hiyohiyo: kupata picha moja ya jukwaani ambayo mtu akiiona atauliza, nani kaipiga hii?

Nianze na flashi, ndiyo inayoniuma.

Miaka saba iliyopita nilikuwa kwenye onyesho la taarab. Kikundi sitakitaja. Bibi mwimbaji alikuwa ameketi kitini, mkono mmoja gotini, na kinamama walikuwa wanapanda mmojammoja kumtunza. Nikajiunga kwenye mstari wao. Wao wameshika noti, mimi nimeshika kamera. Alipofumba macho kuvuta sauti ya mwisho wa ubeti, nilikuwa hatua mbili tu mbele yake, nikafyatua. Flashi ikawaka. Akashtuka, akainua kiganja kujikinga, na neno likamkatikia mdomoni. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, akakirudia kipande kile mara mbili akimsubiri. Mzee wa fidla alinitazama juu ya miwani yake, hakusema kitu.

Picha ninayo mpaka leo. Kiganja kimeungua kwa mwanga, pete ya fedha kidoleni, na nyuma ya vidole nusu ya uso wa mtu aliyeshtushwa akiwa kazini kwake. Sijawahi kumwonyesha mtu yeyote. Wala usiku ule sikuomba radhi. Nilijiambia nimelipa tiketi. Tiketi inakununulia nafasi ya kusikiliza, jamani, haikununulii macho ya msanii!

Tena flashi yenyewe haina faida. Ukiwa mbali mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu ya ule wa mwanzo. Ukiwa nyuma ya watu mia mbili, inamulika vichwa na mitandio ya walio mbele yako, na jukwaa linabaki giza. Zima flashi. Zima na ile taa ndogo ya mbele inayosaidia kamera kulenga gizani, maana nayo inachoma macho, na wengi huisahau.

Sasa swali la getini. Mwaka uliofuata nilijinyima nikanunua lenzi ndefu, nikaenda nayo kwenye tamasha moja kubwa Dar es Salaam. Mlinzi akaigeuzageuza kamera, akaniuliza, "Dada, hii lenzi inachomoka?" Nikasema ndiyo, kwa fahari kabisa. "Basi haiingii." Akabandika kipande cha plasta ya karatasi juu yake, akaandika 47, akaiweka kwenye beseni la plastiki pamoja na chupa za maji na miavuli. Usiku wa manane nilipoichukua, kioo cha mbele kilikuwa na mkwaruzo wa urefu wa ukucha. Aliyekuwa zamu alikuwa ameshaondoka, na aliyempokea akaniambia hajui lolote. Mpaka leo sijalipwa hata senti. Nasema wazi kwamba bado inaniuma: ukichukua mali ya mtu getini, itunze.

Lakini katazo lilikuwepo, nyuma ya tiketi, kwa herufi ndogo ambazo sikuzisoma. Maonyesho mengi makubwa hupima hivyohivyo: kamera ambayo lenzi yake inachomoka inahesabiwa ya kazi, haiingii bila kibali. Simu na kamera ndogo ya mfukoni kwa kawaida hupita. Kijiti cha selfi na stendi ya miguu mitatu mara nyingi havipiti. Ukitaka kuingia na kamera ya kazi, waandikie waandaaji mapema, eleza wewe ni nani na picha ni za nini, na jibu lao uwe nalo mkononi ukifika. Usitegemee maneno ya mtu aliyeingia mwaka jana. Kila tamasha lina masharti yake, na kila mwaka yanaweza kubadilika.

Na usiwatazame wapiga picha wenye beji walio mbele ukadhani wao wako huru. Mara nyingi wanapewa nyimbo tatu za mwanzo tu, bila flashi, kisha wanatolewa. Wapo wasanii wakali zaidi. Jack White, mwanamuziki wa roki wa Marekani, kwenye ziara yake ya 2018 aliagiza simu zote zifungwe ndani ya mifuko yenye kufuli ya kampuni ya Yondr. Unakaa na mfuko wako, ila haufunguki mpaka uende sehemu maalumu ya kuufungulia. Mimi zamani ningekasirika. Siku hizi namwelewa.

Kuna jambo ambalo hakuna tiketi inayoliandika. Kwenye taarab kinamama wanajipamba, wanacheza, wanajiachia. Yule dada anayecheza hakuja kwa ajili ya ukurasa wako. Mwombe kwanza. Akikataa, shusha kamera. Na ukirekodi na simu, usiinyanyue juu ya kichwa wimbo mzima. Nyuma yako kuna mtu mfupi aliyelipa sawa na wewe. Rekodi kidogo, shusha, sikiliza. Tumekuwa watu wa kwenda kwenye muziki na kuutazama kwenye kioo cha inchi sita, na wanamuziki wanatuona.

Februari iliyopita, hukohuko Zanzibar, ndani ya Ngome Kongwe, nilisimama pembeni ya jukwaa na kibali changu shingoni. Taa zilikuwa za LED, zile za bei nafuu zinazoacha mistari myeusi kwenye picha. Umeme wetu ni hetzi 50, kwa hiyo taa kama hizo mara nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Nikashusha kasi ya kufyatua mpaka 1/100 ya sekunde, ili picha ichukue mpepeso mmoja mzima, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 3200, nikasubiri. Mpiga ngoma aliinua mikono yote miwili, jasho likaruka, nikafyatua mara moja tu. Unaona kila tone. Yeye hakugeuka, wala aliyekuwa kando yangu hakugeuka. Ni picha bora niliyowahi kupiga, na baada ya onyesho nilimtumia mwenyewe kabla sijaiweka popote.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Tanga, marahaba. Flashi usinunue. Hela hiyo iongezee ununue lenzi ya milimita 50, f/1.8, yaani inayofunguka sana ikaingiza mwanga mwingi. Na waandikie waandaaji wiki hii, usingoje Februari.