Mirunda chini ya zege lililoning'inia

Ndugu yangu, umeuliza kama vijana wa mtaa mnaweza kuingia na mirunda, yaani nguzo za mti za kuegemeza zege, kuokoa watu, ghorofa likiporomoka tena kama Kariakoo Novemba 2024. Kwanza pigeni 114, Zimamoto. Kuingia waachieni wao. Ninyi kusanyeni mbao, umeme ukatwe, kisha nyamazeni ili waliofukiwa wasikike.

Wakiwaomba mkono, shikeni hili, maana nimefunga mirunda miaka mingi: msikaze hadi zege linyanyuke. Uzito utahamia kwingine na aliye chini atabanwa zaidi. Mrunda ukalie ubao mpana, si kifusi. Kabari mbili, vipande vya mbao vyenye ncha nyembamba, zielekezane kati ya mrunda na ubao, zigongwe taratibu mpaka zishike tu. Anzieni penye usalama mkimsogelea majeruhi. Ufa ukipanuka, tokeni wote.