Macho ya Mchoraji Yawe Usawa Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza kuchora kwa rangi za mafuta, na hupendelea kuchora wazee na wanyama wa kazi. Walioziona picha zangu husema kwamba wazee wangu wanatia simanzi tu, na kwamba punda wangu ana uso wa binadamu. Nifanyeje ili ionekane kwamba nimemjali niliyemchora?

JIBU: Ndugu msomaji, simanzi ni rahisi kuchora: mgongo ukipindwa na kivuli kikikolezwa, mtazamaji atahuzunika hata kama hakumjua aliyechorwa. Anza kwa kuamua macho yako yawe usawa gani. Diego Velázquez wa Uhispania, alipomchora Sebastián de Morra mnamo mwaka 1645 hivi, alimwonyesha mtu huyo wa kimo kifupi akiwa ameketi chini, lakini naye akaushusha mtazamo wa picha hadi usawa wa uso wake, hivi kwamba Morra, ngumi zikiwa zimekunjwa, anamkabili mtazamaji macho kwa macho, wala pembeni yake hakuna kitu chochote cha kupimia ufupi wake. Watu kama yeye waliwekwa katika jumba la mfalme ili wawachekeshe wakubwa; katika picha hii hakuna wa kuchekwa.

Kwa mnyama, kujali huanza na kumjua. George Stubbs wa Uingereza alitumia miezi 18 hivi kupasua mizoga ya farasi, tabaka baada ya tabaka (kazi ambayo harufu yake haionekani michoroni), kisha mwaka 1766 akachapisha kitabu cha maumbile ya farasi. Alipomchora farasi Whistlejacket, mnamo mwaka 1762 hivi, aliiacha nyuma ya picha tupu, na msisimko wa mnyama ukaonekana katika masikio, pua na shingo yake.

Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa, na mboni zake zimelala kimapana. Ukiyasogeza mbele na kuyapa mboni za duara, umeshamvika sura ya mtu. Mchore kwanza kwa penseli, haraka haraka, akila na akipumzika, uone anavyolegeza mguu mmoja wa nyuma na masikio yanavyofuata sauti.

Wazee nao waulize wenyewe wangependa kukaa vipi, na anayekataa kuchorwa usimchore kwa kuibia.