Besi haisikiki? Usiongeze ekwalaiza, sogeza kochi kwanza

Juzi msomaji mmoja kaniandikia, anasema kwa ekwalaiza (ile ya kupandisha au kushusha sehemu moja moja ya sauti, nene au nyembamba) kaongeza desibeli 10, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, pale kwenye hezi 40, sauti nene ya chini kabisa (hezi zikiwa chache sauti ni nene), na bado besi haisikiki, sasa anauliza anunue amplifaya kubwa zaidi au afanyeje. Ile meseji niliisoma mara mbili, maana hayo hayo ndo yaliyonikuta mimi miaka mitatu iliyopita na spika ikaungua.

Sebule yangu ina urefu wa mita 4.3 na kochi lilikaa katikati kabisa. Spika nilizidunduliza hela muda mrefu sana, siku ya kuzifunga nikaona mziki hauna kitako, kule chini kabisa hamna kitu, halafu kuna noti fulani za gitaa la besi zikipigwa zinavuma mpaka zinamfunika mwimbaji. Aliyeniuzia nikamweleza, akanijibu masikio yangu ndo mabovu. Iliniuma, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Basi nikatafuta maiki ya kupimia, ile UMIK-1, nikapakua REW, programu ya bure ya kuchora grafu ya sauti ya chumba, nikaweka maiki pale pale kichwa kinapokaa nikapima. Grafu ikatoka: hezi 40 shimo, yaani sauti imezama, hezi 80 mlima, yaani imezidi. Nilifurahi kupita kiasi kwa sababu masikio yangu yalikuwa sahihi! Kwa ekwalaiza nikashusha mlima, shimo nikalijaza desibeli 12, nikapima tena, shimo liko vile vile. Nikajua ni volyumu ndogo, nikapandisha, nikasikiliza hivyo hivyo usiku mzima mpaka spika ya kushoto ikaanza kukwaruza, ikafuata harufu ya kuungua. Fundi alipoifungua akanionyesha koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, umekuwa mweusi na umevimba mpaka unasugua sumaku.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, ukigawa kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 8.6, unapata karibu 40. Wimbi la hezi 40 linaenda ukutani linarudi, na katikati ya chumba linaloenda na linalorudi yanafutana. Sasa ukiongeza nguvu unayaongeza yote mawili, kwa hiyo yanaendelea kufutana vile vile, ila spika ndo inateseka. Na kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili, kwa hiyo zile 12 zangu zilikuwa mara 16, pale amplifaya ilipokuwa inatoa wati 10 mimi naidai 160.

Kilichoniponya ni kusogeza kochi nyuma sentimita 75 hivi. Shimo likajaa lenyewe, na mlima wa hezi 80 nao ukapungua, maana kwa wimbi hilo katikati ya chumba ndo palikuwa kileleni. Mabaki nikayashusha kwa filta mbili tu za ekwalaiza.

Kwa hiyo jamani, kabla hujagusa ekwalaiza hamisha kochi, hamisha spika, pima tena, hata kama unatumia hizi programu zinazopima chumba na kurekebisha sauti zenyewe kama Dirac Live au Audyssey, bado anza na kochi. Ekwalaiza ni ya kushusha vilima, sio kujaza mashimo, naomba mlishike hilo. Pima sehemu kadhaa kuzunguka kichwa, usipime nukta moja ukaiamini. Na ukivuka kama hezi 300 kwenda juu acha kufukuzana na kila kijino cha grafu, huko ukisogeza maiki kidogo tu mchoro unabadilika, utakuwa unarekebisha kitu ambacho ukigeuza shingo hakipo. Ikibidi kabisa uongeze kidogo mahali, basi shusha sauti ya jumla kwa kiasi hicho hicho, la sivyo mawimbi yatakatwa vichwa na utasikia mkwaruzo.

Kuna watu wataona kuhamisha kochi ni kazi ya kishamba wakati laptopu ipo. Mimi nimelipa koili nzima kwa kufikiri hivyo.

Na wewe uliyeniandikia, amplifaya usinunue. Toa hizo desibeli 10 leo kabla hujawasha tena, kochi kama liko katikati lisogeze, pima upya, halafu nitumie grafu zote mbili, ya kabla na ya baada.