Kwenda Cornwall: piga hesabu ya nauli mpaka mlangoni

Mara ya kwanza kwenda Cornwall nilitazama bei tu. Binti wa mama yangu mdogo analea wazee kwenye kijiji kimoja upande wa St Just, kule Uingereza inakoishia kusini magharibi, na mimi naishi London. Nikapata basi la usiku kwa bei ya kutupa. Jumapili asubuhi, mwezi wa pili, nikashuka Penzance, mji basi linapoishia, shingo imekakamaa na upepo wa bahari unanipenya mpaka kwenye mifupa. Nikampigia simu.

"Dada, nimefika."

"Umefika wapi?"

"Penzance."

"Basi hujafika."

Alikuwa na haki. Kipindi cha baridi, tena Jumapili, mabasi ya vijijini unayahesabu kwa vidole. Nilisimama kituoni nikiisoma ratiba mara tatu, kana kwamba nikiikodolea macho itaongeza saa. Mwishowe nikachukua teksi, na karibu pauni zote nilizookoa zikaishia kwa dereva. Kwa hiyo ukipanga safari hii, anza na kile kipande cha mwisho: siku utakayofika, saa, na basi la kukutoa stesheni. Ukishakijua hicho ndipo ukate tiketi ya safari ndefu.

Siku hizi napanda treni. Kutoka stesheni ya Paddington, London, mpaka Penzance ni saa tano na ushei, na raha yake hasa inaanza baada ya Exeter. Kaa upande wa kushoto. Reli inashuka kando ya mto Exe, kisha pale Dawlish inapita ukingoni kabisa mwa bahari, kiasi kwamba siku ya mawimbi makubwa maji yanarukia madirishani. Mimi mtu wa Tanga nimeizoea bahari, lakini sikuwahi kuiona ikigonga kioo cha behewa. Uzuri huo una gharama yake. Februari 2014 dhoruba iliubomoa ukuta wa bahari hapo, reli ikabaki inaning'inia hewani, na njia ikafungwa mpaka Aprili. Ukisikia tahadhari ya dhoruba, angalia hali ya njia kabla hujatoka nyumbani.

Mbele ya Plymouth treni inanyata juu ya mto Tamar, kwenye daraja la chuma alilosanifu mhandisi Brunel, lililofunguliwa 1859. Ukivuka tu, uko Cornwall. Lakini usianze kukusanya mizigo, maana kuna karibu saa mbili mpaka Penzance na treni haina haraka tena.

Iko pia treni ya usiku, na kwangu hiyo ndiyo chaguo la kwanza kama naenda kijijini. Inaondoka Paddington karibu na saa sita usiku na kufika Penzance kwenye saa mbili asubuhi, siku nzima ya mabasi ikiwa mbele yako. Vyumba vya vitanda ni ghali. Viti ni nafuu zaidi, ila beba shuka la kujifunika. Haisafiri usiku wa kuamkia Jumapili.

Tiketi kata mapema, wiki kadhaa kabla. Zile za bei ya chini zinakufunga kwenye treni moja tu; ukichelewa, imekula kwako. Mkiwa wawili mnaosafiri pamoja kila mara, nunueni kadi ya punguzo ya watu wawili: inapunguza theluthi ya nauli, na safari ndefu kama hii huweza kuirudisha bei yake mara moja.

Ndege? Uwanja upo karibu na Newquay, lakini ukitua hapo bado una kilomita zaidi ya 50 mpaka Penzance. Sijaona faida yake kwa anayetokea London.

Gari lina maana mkiwa familia na mabegi. Barabara kuu ya M5 inaishia Exeter, kutoka hapo mnafuata A30. Jumamosi za Julai na Agosti ziepukeni kama ukoma: ndiyo siku nyumba nyingi za likizo zinabadilisha wageni, na foleni yake inawatoa watoto machozi. Mkipita A38, daraja la magari la Tamar halitozi kitu kuingia Cornwall. Kutoka ndiyo mnalipa.

Na msiingie na gari St Ives, mji wa ufukweni. Vichochoro ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe, na maegesho ni vita. Liacheni stesheni ya St Erth, mpande kitreni kinachoambaa na ghuba. Dakika 15 hazifiki mmeshaona mchanga mweupe.

Siku ya kurudi London, bahari iko upande wa kulia.