"Maana yake ni pamoja na": pamoja na nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mume wangu anauza matunda kwa toroli hapa Arusha mjini. Juzi alitakiwa kulipa ada ya taka ya mwezi, sawasawa na wenye maduka. Alipouliza akaonyeshwa karatasi ya sheria ndogo za usafi, sehemu iliyoandikwa Tafsiri: "'Eneo la biashara' maana yake ni pamoja na duka, kibanda, genge, meza na sehemu nyingine inayofanana na hizo." Toroli halikutajwa. Aliyemwonyesha akasema neno "pamoja" linabeba kila kitu. Ni kweli? Mama wa wawili, Ngarenaro.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umenigusa panaponiuma. Hayo maneno matatu, "ni pamoja na", nimegombana nayo miaka mingi, na sasa yameingia mpaka mfukoni mwa mumeo. La toroli nitalijibu, lakini kwanza niruhusu nitoe la moyoni.

Pamoja ni pa- ya mahali na -moja ya hesabu: mahali pamoja. Ukisema "Asha amekaa pamoja na Rehema" umewakutanisha watu wawili, na wote wawili tunawaona. Ndiyo kazi yake tangu asili. Lakini mtu akisema "waliokuja ni pamoja na Rehema", upande mmoja ameuficha. Rehema yuko pamoja na nani? Anayejua ni msemaji peke yake, na pengine hata yeye hajui.

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu hapa Sakina alikuwa na kijana aliyepanda basi dogo asubuhi kutoka Moshi. Saa sita redio ikatangaza ajali maeneo ya Kikatiti: "Waliofariki ni pamoja na dereva na utingo wake." Nilikuwa pale pale barazani kwake. Mama yule alikuwa anachagua mchele. Aliuweka ungo chini taratibu, akanigeukia na kuniuliza, "Na nani tena?" Sikuwa na la kumjibu, maana sentensi yenyewe haikuwa nalo. Simu ya kijana haikupatikana. Wanawake wa mtaa wakaanza kuingia mmoja mmoja wamejifunga khanga, mkeka ukatandikwa, mtu akaanza kuuliza habari za sufuria kubwa. Saa tisa kijana akaingia getini, mkono umefungwa bandeji, akamkuta mama yake sauti imeshakauka kwa kulia.

Waliofariki, Mungu awarehemu, walikuwa wawili: dereva na utingo. Wa tatu hakuwapo. Taarifa ya jioni, hesabu ikiwa imeshajulikana mji mzima, ikarudia vilevile: "ni pamoja na dereva na utingo wake." Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo haijashuka mpaka leo. "Waliofariki ni wawili, dereva na utingo wake" ni sentensi fupi, nyepesi, na ingemwacha mama yule na mchele wake. Na kama kweli walikuwapo wengine wasiotambuliwa, kuna "miongoni mwa waliofariki wamo dereva na utingo", na kila msikilizaji angejua kwamba majina bado yanakuja. Tumepewa -mo, kiambishi cha herufi mbili chenye maana ya ndani: yumo, wamo, akiwamo, likiwamo. Watangazaji wetu wamekitupa, wakaokota "ni pamoja na" kwa sababu inasikika kiofisi.

Ukisikia "kamati ya watu 12 pamoja na mwenyekiti", viti viandaliwe 12 au 13? Nimeshuhudia ugomvi wa posho kwa sentensi hiyo. "Watu 12, mwenyekiti akiwamo" inaumaliza. Kuna kinyozi njia ya kwenda kwangu ameandika ukutani "Huduma zetu ni pamoja na kunyoa", naye hafanyi kazi nyingine yoyote ila kunyoa. Mzungumzaji wa kawaida mwenye orodha ndefu, anayetaja mawili matatu na kuacha mengine, nimeshamsamehe. Matumizi hayo yamekwisha kuota mizizi, siwezi kuyang'oa.

Mwandishi wa sheria simsamehi. Sheria ndogo inatungwa na halmashauri, inapitishwa na waziri, inatangazwa katika Gazeti la Serikali, kisha inamfuata mtu mpaka kwenye toroli lake. Na tangu mwaka 2021, Bunge liliporekebisha Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za nchi hii. Neno bovu sasa ni kosa zito kuliko zamani.

Sehemu ya Tafsiri kwa kawaida huwa mwanzoni, baada ya jina la sheria, nayo ina njia mbili za kueleza neno. "Maana yake ni" inafunga mlango: yaliyotajwa ndiyo hayo, mengine hayamo. "Inajumuisha" inauacha wazi: haya yamo, na mengine yanaweza kuingia. Jumuisha ni ndugu wa jamii, jamaa, Ijumaa na ile Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake hapa kwetu. Mzizi wao wa Kiarabu ni kukusanya. Njia zote mbili ni halali. Aliyeandika karatasi ya mumeo amezigonganisha. "Maana yake ni" imefunga, "pamoja na" imefungua, katika pumzi moja. Mlango hauwezi kuwa umefungwa na umefunguliwa kwa wakati mmoja, na anayebaki nje akibishana na mgambo ni muuza matunda.

Haya, toroli. Tuchukue tafsiri inayombana zaidi mumeo, kwamba mlango uko wazi. Hata hivyo "pamoja" halibebi kila kitu. Sentensi yenyewe imeweka kipimo: "sehemu nyingine inayofanana na hizo". Duka, kibanda, genge na meza vinafanana kwa lipi? Vyote vinakaa. Unaviacha jioni, unavikuta asubuhi palepale. Toroli lina magurudumu ili lisikae. Tena neno linaloelezwa ni eneo, linalotokana na kuenea. Ni ardhi, ni mahali. Toroli ni chombo. Hakuna Mswahili anayesema "nimenunua eneo, nalisukuma mpaka Kilombero".

Lakini nikuulize nawe, na unijibu kwa haki: je, mumeo anazunguka, au anaegesha chini ya mti uleule tangu asubuhi hadi jua linapozama, maganda yakibaki hapo? Akifanya hivyo kila siku, pale chini ya mti pamekwisha kuwa sehemu yake ya biashara, na ninayemtetea kwa sarufi ataangushwa na maganda yake. Uamuzi wa mwisho ni wa mahakama, lakini maneno yanafika hapo.

Aende kwa mtendaji wa mtaa na karatasi hiyo mkononi. Aombe kusoma sheria ndogo nzima, maana mara nyingi wachuuzi wanaotembea wana kifungu chao na ada yao. Kisha aulize kwa adabu: "Toroli langu linafanana na lipi kati ya haya manne?"

Na kwa atakayeirekebisha karatasi hiyo, sentensi ni hii, naitoa bure: "'Eneo la biashara' maana yake ni mahali popote pa kudumu panapofanyiwa biashara, likiwamo duka, kibanda, genge na meza." Kama anataka toroli lilipe, aliandike kwa jina lake.