Wadogo zangu wa Tkinter, dirisha lina hesabu zake kabla halijatokea

Wiki hii nimemwona kijana wa tatu wa field akitumia Tkinter, zana ya Python ya kutengeneza madirisha. Aliita winfo_width, amri ya kuuliza upana, mara tu baada ya pack, amri ya kupanga vitu dirishani, akapata 1, akaanza kuilaumu Python. Wadogo zangu, hebu njooni hapa.

1. Pack na mwenzake grid, anayepanga kwa mistari na safu, hazichori kitu, zinapeleka maombi tu. Tk, injini iliyo chini ya Tkinter, huuliza kila kitufe kinahitaji nafasi kiasi gani kwa fonti na maandishi yake, ndipo inagawa, tena ikishatulia. Ukiwahi kuuliza, jibu ni 1.

2. Dirisha likikaa upande, tafuta sababu siku hiyohiyo. Mimi niliacha. Nilikuwa nimelitengenezea duka moja la dawa Kariakoo programu ya mauzo, na nilitaka dirisha la malipo litokee katikati: urefu wa skrini, toa urefu wa dirisha, gawa kwa mbili. Urefu wa dirisha ulikuwa bado 1. Kwenye skrini yangu ya 1080 lilianzia 539, na kwa urefu wake wa 420 likaishia 959. Niliona limeshuka chini kulia, nikasema si neno, nikafunga kompyuta. Skrini ya dukani ilikuwa 1024 kwa 768. Pigeni hesabu: 383 na 420 ni 803. Kitufe cha Hifadhi kilikuwa mstari wa mwisho kabisa, nje ya skrini.

Jumamosi simu ikaita. Nikapanda mwendokasi kutoka Kimara, nikakuta foleni imefika mlangoni na mama muuzaji anaandika mauzo kwenye daftari kwa kalamu. "Mwanangu, hili dirisha lako halina pa kubonyeza." Kwa papara nikaweka time.sleep, amri ya kuilaza programu, kwa nusu sekunde. Dirisha likaganda, jibu likabaki 1, kwa sababu programu ikilala na Tk imelala. Jioni nilikaa na yule mama tukaingiza daftari zima, yeye anasoma, mimi naandika. Hakunigombeza hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Dawa ni hii: lifiche dirisha kwa withdraw, panga vitu vyako, ita update_idletasks ili Tk imalize hesabu zake, soma upana na urefu unaohitajika kwa winfo_reqwidth na winfo_reqheight, weka nafasi kwa geometry, kisha lionyeshe kwa deiconify. Mteja haoni dirisha likirukaruka.

3. Msitumie update pale ambapo update_idletasks inatosha. Update hupokea na mibonyezo ya mteja, akabonyeza Lipa mara mbili kazi ikiwa katikati.

4. Pack na grid ndani ya fremu moja, hapana.

5. Safu ya grid isiyopewa weight, yaani uzito wa kugawiwa nafasi ya ziada, haitanuki.

6. Jaribuni kwenye skrini ndogo. Ile monita ya zamani iko juu ya kabati la mafaili, waya wake uko kwenye droo yangu. Ishusheni leo.