Kyuu 86 na Usiku Mmoja wa Kuzirekebisha

Onyesho la Dar es Salaam lilikwenda vizuri mno, ndiyo maana nilifika Arusha kichwa kimevimba. Tamthilia ilikuwa na kyuu 86, yaani hali za taa zinazohifadhiwa na kuitwa moja baada ya nyingine, zote nimezirekodi mwenyewe, faili liko kwenye flashi mfukoni. Taa tulizokodi ni aina ileile na idadi ileile, muvinghedi 12 (taa zenye kichwa kinachogeuka chenyewe) na za LED 16. Nikafungua faili, nikaita kyuu ya 4, pale ambapo mama anakaa kwenye kigoda peke yake. Mwongozaji akanigeukia: "Kaka, mbona mama anaongelea gizani?"

Duara la mwanga lilikuwa sakafuni, hatua moja mbele ya kigoda.

Dar tulining'iniza trasi, ule mhimili wa chuma unaobeba taa, mita 6 juu. Dari la ukumbi huu liliruhusu mita 5 tu. Taa ikiwa imeinama nyuzi 45, ukiishusha mita 1, mwanga wake unasogea mita 1 sakafuni. Hakuna kilichoharibika. Konsoli, yaani meza ya kuongozea taa, ilitii kila nilichoiambia, tatizo ni kwamba nilikuwa nimeipa pembe za taa kama namba tupu ndani ya kila kyuu, na namba zenyewe ni za ukumbi mwingine. Kigoda kile kinaangazwa kwenye kyuu 23. Nilizifungua moja moja hadi adhana ya alfajiri.

Kumbe ningekuwa na priseti, ningerekebisha sehemu moja tu.

Kwa asiyejua: priseti ni thamani uliyoihifadhi pembeni na kuipa jina, halafu kyuu inaiita kwa jina hilo. Wanaotumia konsoli za MA wanasema priseti, wa Avolites wanasema paleti, na kwenye Eos ya ETC utavikuta vyote viwili. Majina yasikusumbue. Kyuu isibebe "upande 131, mwinamo 88". Ibebe "Kigoda". Ukibadilisha maana ya "Kigoda", kyuu zote zinazoiita zinafuata papo hapo.

Siku hizi sigusi kyuu hata moja kabla sijamaliza priseti za mahali. Nakaa na muswada, naorodhesha pale ambapo mtu anasimama au kuketi: Kigoda, Mlangoni, Kisimani, Katikati Mbele. Tamthilia ile ya kyuu 86 ilikuwa na mahali 14 tu! Kisha namwomba kijana mmoja akae kwenye kigoda, nazima zote, nawasha taa moja. Moja tu, kwa sababu mbili zikiwaka pamoja hutajua ni ipi iliyopotoka. Naisogeza polepole huku namuuliza, "Inakuchoma macho?" Akijibu "kidogo, shavu la kulia", bado. Akifumba macho na kugeuza uso, hapo kitovu cha mwanga kimempata, nahifadhi, naenda taa ya pili. Wengi hulenga sakafu kwa kuwa duara linaonekana vizuri pale. Lakini mtazamaji hakulipa kiingilio aone sakafu.

Rangi nazo nazipa majina ya mambo, siyo majina ya rangi. Ninayo "Chemli", ninayo "Mbalamwezi", ninayo "Mchana wa Jua Kali". Ukiandika "Njano 2", baada ya miezi mitatu hutakumbuka ulitaka nini. Na chemli ya taa ya LED siyo chemli ya muvinghedi yenye balbu: ya kwanza inachanganya nyekundu na kijani kuipata, ya pili inachuja mwanga mweupe kwa vioo vya rangi. Priseti moja inaweza kushika thamani za aina zote mbili, ila uzipatanishe kwa macho, na uzipatanishe juu ya ngozi ya mtu. Nyeupe ya LED za bei nafuu, zile za rangi tatu tu, humfanya mwigizaji mweusi aonekane kapakwa jivu. Ongeza wekundu kidogo, utamwona anarudi.

Sasa mtego. Umesimama kwenye kyuu ya 31, unaona Kigoda kimepinda kidogo, unakisahihisha, unabonyeza kitufe cha kusasisha. Konsoli nilizotumia hukupa chaguo: usasishe priseti au kyuu? Ukichagua kyuu kwa haraka, jina linatoka, namba inaingia, na kyuu hiyo haifuati tena priseti. Hutagundua leo. Utagundua mji unaofuata.

Kingine kilichonitesa ni mabadiliko kutiririka. Konsoli nyingi za maonyesho hurekodi kinachobadilika tu, na kisichoguswa kinaendelea kyuu hadi kyuu. Niliwahi kuongeza mbalamwezi kyuu ya 7, ikapendeza, na kyuu ya 9, harusi ya saa saba mchana, ikatokea na buluu ya usiku juu ya bibi harusi. Tangu hapo kyuu ya kwanza ya kila onyesho ndani ya tamthilia naifunga, yaani nairekodi na thamani zote, hata zisizobadilika. Mkondo unaishia hapo.

Kuhusu namba za kyuu, usizipange upya baada ya meneja wa jukwaa kuziandika kwenye muswada wake. Ukihitaji ya ziada kati ya 12 na 13, ipo 12.5. Mimi nilipanga upya mara moja. Alichoniambia meneja hakiandikiki hapa.

Faili la kila mji nalihifadhi kwa jina la mji na tarehe, kwenye flashi mbili, moja nampa meneja huyo. La Dar silifuti wala siandiki juu yake. Tukirudi ukumbi uleule na trasi ikiwa urefu uleule, nahakiki zile mahali 14 tu, na kijana wa kigodani anamaliza kazi yake kabla chai haijapoa.